Kura 1,300 tu: Yuh-Line Niou na ubunge uliompita pembeni New York, 2022

Mtu aliyewahi kufuatilia kura za maoni za CCM, zile ambazo jimbo moja linajaa watia nia kibao na mwisho wa siku watu wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba wajumbe sio watu, atakielewa hiki kisa bila shida. Tofauti ni kwamba kimetokea New York, hakuna wajumbe, anayepiga kura ni mtu yeyote aliyejiandikisha kama mwana-Democratic, na hakuna kamati kuu ya kukata jina la aliyeongoza. Ukiongoza umechukua, hata kama umeongoza kwa robo ya kura.

Na ndo kilichotokea Agosti 23, 2022 kwenye jimbo la 10 la Congress, yaani Manhattan ya chini kabisa pamoja na kipande cha Brooklyn kinachoanzia kule darajani mpaka Park Slope, Sunset Park na sehemu ya Borough Park. Kulikuwa na wagombea kama dazeni. Dan Goldman akapata kama asilimia 26, Yuh-Line Niou kama asilimia 24, Mondaire Jones 18 hivi, Carlina Rivera 17 hivi, Jo Anne Simon 6, Elizabeth Holtzman 4 na kitu, waliobaki wakaokota makombo. Kati ya Goldman na Niou tofauti ilikuwa kura kama 1,300 hivi. Robo tatu ya waliopiga kura walichagua mtu mwingine na jamaa akaenda Washington bila mtu kumuuliza.

Kwa wasiofuatilia siasa za kule, jimbo hili ni la Democratic kufa na kupona, kura za maoni zikiisha uchaguzi umeisha. Novemba Goldman alimpiga mgombea wa Republican kwa zaidi ya asilimia 80, hakuna hata aliyekesha kusubiri matokeo. Kwahiyo mbunge wa watu karibu 777,000 alipatikana Agosti, katikati ya joto, wakati wenye uwezo wamekimbilia ufukweni, kwa kura chache tu zilizopigwa, na yeye mwenyewe akachukua robo ya hizo.

Sasa Agosti ilitoka wapi maana kawaida New York wanapiga Juni. Hapa kuna stori ndefu kidogo ila bila hiyo hutaelewa kwanini watu walijaa vile. Sensa ya 2020 iliwanyima New York kiti kimoja, wakashuka kutoka wabunge 27 hadi 26, na wangehesabiwa watu 89 zaidi wasingekipoteza (watu 89, hiyo ni daladala mbili za Mbagala saa kumi na mbili jioni). Ikabidi mipaka ichorwe upya. Tume iliyotakiwa kuchora ikashindwa kukubaliana, wabunge wa Democratic kule Albany, makao makuu ya state ya New York, wakachora ramani yao wenyewe inayowapendelea waziwazi, Republican wakaenda mahakamani, na Aprili 27, 2022 mahakama ya juu kabisa ya New York ikaitupa ile ramani. Jaji akamkabidhi kazi mtaalamu mmoja anaitwa Jonathan Cervas, na kufika mwisho wa wiki ya tatu ya Mei ramani mpya imetoka, uchaguzi wa ndani wa Congress ukasogezwa mpaka Agosti huku ule wa ugavana ukibaki Juni. Yaani mwananchi aliitwa kupiga kura za chama mara mbili ndani ya miezi miwili, na mara ya pili wengi hata hawakujua ipo.

Ramani ya Cervas ilimchukua Jerry Nadler, mzee aliyekuwa mbunge wa jimbo la 10 la zamani, ikaweka ngome yake ya Upper West Side kwenye jimbo la 12 pamoja na Carolyn Maloney, wakaumana wenyewe kwa wenyewe huko. Huku chini jimbo la 10 likabaki wazi. Kiti cha wazi, katikati ya New York, chenye uhakika wa kukaa nacho miaka ishirini ukitaka, kinatokea kwa bahati sana, kwahiyo wiki ileile watu walianza kumiminika.

Aliyeingia mapema ni Bill de Blasio, meya aliyeondoka miezi michache tu nyuma baada ya kukaa miaka minane, mwenye nyumba Park Slope, jina linalojulikana na kila mtu. Shida ni kwamba lilikuwa linajulikana vibaya, akaona tafiti za maoni zinamkataa, Julai 19 akajitoa. Alafu Mondaire Jones, huyu alikuwa mbunge tayari, ila wa kaskazini huko Rockland na Westchester. Sean Patrick Maloney, aliyekuwa mkuu wa kamati ya chama inayosimamia uchaguzi wa wabunge, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuwalinda wabunge wenzake, aliangalia ramani mpya akasema anagombea jimbo la 17 la Jones. Jones angebaki angepambana naye au na mbunge mwenzao Jamaal Bowman kwenye jimbo la jirani, kwahiyo akafungasha vitu akahamia Brooklyn na mamilioni yake ya kampeni. Katiba ya Marekani inataka tu uwe mkazi wa state husika siku ya uchaguzi, jimbo dogo la ndani unaweza kuhamia hata jana. Carlina Rivera alikuwa diwani wa Lower East Side, akiungwa mkono na Nydia Velázquez, mbunge mkongwe wa jirani. Jo Anne Simon mbunge wa Albany kutoka mitaa ya Brooklyn yenye nyumba za ngazi za mawe. Kulikuwa mpaka na Yan Xiong, mmoja wa viongozi wa wanafunzi kwenye maandamano ya Tiananmen, China, 1989 ambaye baadaye akawa mchungaji wa jeshi la Marekani. Huyo peke yake anastahili makala yake.

Niou mwenyewe. Kazaliwa Taiwan, alikuwa anawakilisha Chinatown na Manhattan ya chini kwenye bunge la Albany tangu 2017, mrengo wa kushoto, mtu wa mambo ya nyumba za kupanga na watu wa kipato cha chini, na ni mmoja wa wanasiasa wachache waliosema hadharani kwamba wana usonji. Kabla ya ramani kubadilika alikuwa ameshatangaza kugombea useneta wa Albany dhidi ya seneta wa chama chake mwenyewe. Mei akageuza gari, akaingia Congress. Maana yake kiti chake cha zamani ameshakiacha na cha useneta amekiacha, akikosa hiki anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna kitu ambacho walioandika kumhurumia waliruka. Niou aliingia siasa kwa mlango huuhuu. Kiti chake cha Albany kilikuwa cha Sheldon Silver, spika aliyeanguka kwa rushwa, na Septemba 2016 kura za maoni za kukijaza zilikuwa na watu sita. Niou alishinda kwa karibu theluthi ya kura. Theluthi mbili walitaka mtu mwingine, na hakuna aliyelia kwamba demokrasia imekufa. Sisemi hivi kumsuta, nasema alikuwa anaijua hii michezo kutoka ndani. Alijua kwamba ukumbi ukijaa huhitaji kupendwa na wengi, unahitaji kundi lako lisilotikisika na wengine wote wagombane huko. Na hesabu yake ya 2022 ilikuwa hiyohiyo, jimbo jipya lilikuwa na Chinatown ya Manhattan na ile ya Sunset Park kwa pamoja, ongeza vijana wa mrengo wa kushoto wa Brooklyn, ongeza chama kidogo cha Working Families Party kilichomuunga mkono, ukifika robo umemaliza. Na karibu ifike kweli.

Kilichoharibu ni kwamba kuna mwingine alikuwa na hesabu ileile na hela zaidi.

Dan Goldman alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali pale Manhattan kwa miaka kumi, alafu 2019 akawa mwanasheria kiongozi wa Democratic kwenye ile kesi ya kwanza ya bungeni ya kumng'oa Trump kwenye urais, ya mambo ya Ukraine. Ukiwa mwana-Democratic wa umri fulani uliyekuwa unakesha na kituo cha TV cha MSNBC, sura yake unaijua vizuri. Pia ni mrithi wa familia ya Levi Strauss, wale wa jinzi, na fomu yake ya mali ilionyesha utajiri wa kati ya dola milioni 64 na milioni 253 (fomu zao zinaruhusu kutaja kiwango cha chini na cha juu, ndo maana pengo kubwa hivyo). Hakuwahi kuwa na cheo chochote cha kuchaguliwa. Akaingiza zaidi ya dola milioni 4 za mfukoni mwake, na kwenye soko la matangazo ya TV la New York, ambalo ni ghali balaa kwasababu tangazo la jimbo moja linaonekana mpaka New Jersey na Connecticut kwa watu wasiokuhusu, hizo hela ndo zilimpa kitu ambacho Niou hakuwa na uwezo nacho kabisa. Yeye alikuwa na watu wa kugonga milango.

Goldman naye alijikwaa. Julai, wiki chache tu baada ya mahakama kuu ya Marekani kufuta haki ya utoaji mimba kitaifa, alijibu swali la gazeti moja la Kiyahudi kwa namna iliyoonekana anakubali baadhi ya vizuizi, wagombea wanawake wakamrukia, akarudi nyuma kufafanua. Kwa mgombea maskini hiyo ingekuwa habari ya wiki tatu. Kwake ilikuwa ya siku chache alafu matangazo yakaendelea. Niou naye mwezi huohuo aliulizwa kuhusu harakati za kuisusia Israel, akaonekana kuziunga mkono, alafu akafafanua kwamba anatetea haki ya watu kusema na sio kila dai la hiyo harakati, na kwenye jimbo lenye Borough Park na wapiga kura wengi Wayahudi ile ilikuwa shimo alilojichimbia mwenyewe. Ufafanuzi wake hakuwa na TV ya kuubebea.

Agosti 13 ikaja. Siku hiyo ndo kura za mapema zinaanza, na siku hiyohiyo bodi ya wahariri wa New York Times ikatangaza inamuunga mkono Goldman. Mtu wa Dar au Nairobi anaweza kushangaa gazeti linabadilishaje uchaguzi, hapa kwetu gazeti likikuunga mkono pengine linakuharibia. Ila fikiria jimbo la watu wasomi wa Brooklyn Heights na Greenwich Village wanaoangalia karatasi yenye majina dazeni, sita kati yao wanaonekana sawa kabisa, wote wanapinga Trump, wote wanatetea utoaji mimba, wote wanasema nyumba ni ghali. Mtu huyo anatafuta namna ya kuamua, na gazeti analolisoma kila asubuhi limempa jina. Nadhani kwenye uchaguzi wa watu wawili lile tamko lisingekuwa na nguvu hata nusu.

Siku mbili baadaye, Agosti 15, Niou na Jones wakafanya kitu cha ajabu kidogo, waliongea na waandishi kwa pamoja, wapinzani wawili wamesimama upande mmoja, kusema Goldman anataka kununua kiti. Picha nzuri, maneno makali. Alafu mkutano ukaisha kila mmoja akaenda kuomba kura zake.

Hapo ndo pa kukaa, kwangu mimi kisa chote kiko hapo. Watu wawili wanakubaliana kwamba mtu wa tatu ni tatizo, wanakubaliana hadharani mbele ya kamera, na hakuna hata mmoja anayeweza kufanya kitu cha maana kuhusu hilo isipokuwa kujitoa. Na nani ajitoe? Jones ni mbunge aliye madarakani, ana mamilioni ya dola, akijitoa ndo mwisho wake. Niou yuko juu yake kwenye tafiti, ajitoe kwa lipi? Rivera ana Velázquez nyuma yake na anajiona bado yupo kwenye mbio. Simon ana mitaa yake. Kila mmoja akimwangalia mwenzake anasema toka wewe, na kila mmoja ana sababu ambayo ukiisikiliza peke yake ina akili kabisa. Isitoshe majina yalishachapwa na kura za mapema zimeanza, hata ukijitoa tarehe 16 kuna watu tayari wamekupigia na hizo kura haziendi kwa mtu. Wale waliokuwa wanapiga kelele kwenye Twitter kwamba kushoto waungane walichelewa kama wiki nne. De Blasio alipotoka Julai ndo dirisha lilikuwa wazi, na lilifungwa watu wakisubiri tafiti ijayo. Jumatano ya wiki ileile Trump naye akaandika kumsifia Goldman kwa kejeli, kumsifia mtu aliyemshtaki! Goldman akasema anachokozwa tu, wengine wakajaribu kulitumia, haikusaidia.

Tufanye hesabu kidogo maana watu huwa wanasema tu "Jones kamharibia" bila kupiga. Jones alipata asilimia 18 hivi, tuseme kwa haraka kura elfu 12. Niou alihitaji kuziba pengo la 1,300. Kama Jones asingekuwepo na watu wake wote wangegawanyika kati ya Niou na Goldman tu, Niou alihitaji kama 56 kwa 44. Sio 80 kwa 20, ni 56 kwa 44. Inaonekana rahisi mpaka ujiulize wapiga kura wa Jones ni nani. Wengine ni wa kushoto kweli, wangekwenda kwa Niou. Ila Jones alikuwa anajiuza pia kama mbunge mwenye uzoefu wa Washington aliyepigania sheria za haki ya kupiga kura, na mtu aliyempenda kwa hilo anaweza kumpenda vilevile mwanasheria wa kesi ya Trump. Na wengine wangekwenda kwa Rivera au kwa Simon. Mimi naamini Niou angepita, ila kwa kukaba koo, na mtu akinibishia sina cha kumfunga nacho mdomo. Na ukianza mchezo wa kuondoa watu, Goldman naye ana haki ya kusema ondoeni na mimi Simon na Holtzman, watu wao wa umri mkubwa na nyumba zao nzuri wengi ni wangu. Hapo unarudi palepale.

Kinachouma zaidi ni kwamba watu haohao, mitaa hiyohiyo, mwaka mmoja nyuma walikuwa wamepiga kura kwa njia nyingine kabisa. Juni 2021 kwenye kura za maoni za umeya, Democratic walikuwa na wagombea 13, na karatasi ilikuja na majina kushoto na safu tano za viduara kulia, unapaka wa kwanza wako, wa pili, wa tatu mpaka wa tano. Wa kwanza wako akiaga mashindano, kura yako inahamia kwa anayefuata. New York walikubali mfumo huo kwa kura ya wananchi 2019, ila unahusu vyeo vya jiji tu, meya, madiwani na wengine wa humo. Congress iko chini ya sheria za Albany. Kwahiyo mama wa Park Slope aliyepanga watu watano Juni 2021 akirudi kituo kilekile Agosti 2022 anakuta kiduara kimoja kwa kila jina na ruhusa ya kupaka kimoja tu.

Na mfumo ule unabadilisha hata tabia za wagombea wenyewe. 2021 Andrew Yang alizunguka na Kathryn Garcia siku za mwisho akiwaambia watu wake wamweke Garcia wa pili. Garcia hakurudisha fadhila, na bado alimkaribia mshindi, Eric Adams, mpaka pengo likawa kura 7,197 kati ya karibu laki nane zilizobaki mwishoni. Mkutano wa Niou na Jones wa Agosti 15 ungekuwa na meno chini ya utaratibu ule, wangesema "mimi wa kwanza, huyu wa pili," basi. Bila ule utaratibu ulibaki mkutano wa malalamiko. Majimbo ya kusini mwa Marekani kama Georgia na Texas wana dawa nyingine, asipofika mtu nusu wawili wa juu wanarudiana, sawa na urais wa Kenya unavyodai nusu na moja. New York kwenye Congress hawana hiki wala kile.

Sasa Holtzman. Alikuwa na miaka 81 na akapata asilimia 4 na kitu, wengi walimchukulia kama bibi aliyekuja kusalimia. Ila huyu mama 1972 alimwangusha Emanuel Celler, mbunge aliyekaa Congress tangu 1923, kwenye kura za maoni za Brooklyn, akaingia bungeni na miaka 31, mwanamke mdogo kuliko wote waliowahi kuchaguliwa kwa wakati ule. 1980 akagombea useneta wa Marekani. Upande wa pili seneta mkongwe Jacob Javits alishindwa kura za maoni za Republican na Al D'Amato, ila akakataa kwenda nyumbani, akabaki kwenye karatasi kwa tiketi ya chama kidogo cha Liberal. Matokeo: D'Amato kama 45, Holtzman kama 44, Javits 11. Hizo 11 za Javits, mtu wa msimamo wa wastani anayependwa na watu wa New York, nyingi zilitoka mfukoni mwa Holtzman. D'Amato akakaa miaka 18. Kwahiyo miongoni mwa wagombea wote wa jimbo la 10 aliyekuwa na kovu la kugawanyika kwa kura ni yule mama, na bado alibaki mpaka mwisho, na kura zake peke yake zilikuwa mara mbili ya pengo la Niou. Sijui kama aliwahi kuwaza hilo usiku wa matokeo. Kama mzee kama huyo, aliyechomwa na moto uleule, hakuona sababu ya kujitoa, unategemea Jones na mamilioni yake aone?

Na yule Javits anarudi kwenye stori kwa mlango mwingine. Baada ya matokeo Niou hakukubali haraka, maana New York vyama vidogo vinaruhusiwa kuweka jina lako kwenye karatasi ya Novemba, na Working Families walikuwa upande wake. Watu wake walimsukuma, nenda Novemba, wewe na Goldman ana kwa ana, Republican hapo hawana nguvu hata ukigawa kura hawawezi kupita. Kwa hesabu ya karatasi lilikuwa wazo zuri, hatari ya Javits haipo kwenye jimbo hili. Ila Niou alishawahi kufanya hivyohivyo, Aprili 2016 kwenye uchaguzi mdogo wa kile kiti cha Silver alisimama kwa tiketi ya Working Families dhidi ya mgombea wa Democratic, akashindwa, ndo akarudi Septemba ndani ya chama akashinda. Novemba watu wanaojitokeza ni mara kadhaa ya wale wa Agosti, na wengi wao hawajui Niou ni nani, wanaona safu ya Democratic wanapaka wanaondoka. Septemba 6 akatangaza haendi. Naona aliamua sawa, ingawa ilimwacha bila kiti chochote, kule Albany nafasi yake ilishapata mtu mwingine.

Wengine waliendelea na maisha yao. Maloney aliyemfukuza Jones kutoka jimbo la 17 alishinda kura za maoni zake vizuri, alafu Novemba akapigwa na Mike Lawler wa Republican, mkuu wa kamati ya kulinda viti kapoteza chake mwenyewe. Jones akarudi kulekule 17 mwaka 2024, akampa kisogo rafiki yake wa zamani Bowman kwa kumuunga mkono mpinzani wake, akashindwa na Lawler vilevile. Goldman akawa mbunge mwenye kelele za kutosha, 2024 akarudi bila shida kubwa, maana ukishakaa kwenye kiti kama hicho ile robo yako inageuka kuwa jina, ofisi, na watu wanaokuogopa. Faida ya kushinda kwa asilimia 26 ni kwamba miaka miwili baadaye hakuna anayeikumbuka.

Mpaka ikafika 2025. Juni mwaka huo kura za maoni za umeya zilirudi na karatasi ya kupanga wagombea, na Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, akakubaliana na Brad Lander, wakati huo mdhibiti wa fedha wa jiji na diwani wa zamani wa Park Slope, kila mmoja awaambie watu wake wamweke mwenzake wa pili. Wakazunguka pamoja siku za mwisho, wakacheka kwenye kamera, na mpinzani wao Andrew Cuomo, gavana wa zamani, akabaki anahesabu. Desemba 2025 Lander akatangaza anaenda kumkabili Goldman kwenye kura za maoni za jimbo la 10 za 2026, Mamdani akiwa nyuma yake. Karatasi ya Congress ilikuwa bado ya kiduara kimoja, sheria ya Albany haikuwa imebadilika, kwahiyo kilichobadilika ni mpangilio wa watu: wengine wa kushoto waliokuwa wanatajwatajwa kwa kiti hicho wakakaa pembeni mapema, miezi zaidi ya sita kabla ya siku ya kura, hata majina hayakuwa yameenda kuchapwa.